DRM kwenye kitabu pepe: inamfungia nani hasa?

KurasaMpya

Wakuu, habari za humu.

Tunakamilisha kitabu pepe cha ufundi wa umeme wa majumbani. Ni faili la EPUB (fomati ya vitabu pepe) lenye sura 14 na michoro kama 60. Kitauzwa sehemu mbili: Kindle (duka la vitabu pepe la Amazon) na tovuti yetu wenyewe. Fomu ya kuchapishia inauliza swali moja la ndiyo au hapana: tuweke DRM, yaani kufuli la kidijitali linalozuia faili kunakiliwa, au tusiweke? Timu imegawanyika. Upande mmoja unasema kitabu kisicho na kufuli kitazagaa kwenye magrupu ya Telegram kabla gharama ya mchoraji haijarudi. Upande wa pili unasema kufuli linamsumbua aliyelipa, mwizi analiruka.

Naomba wenye ujuzi mnisaidie mambo matatu. Kiufundi, DRM inafunga nini na inashindwa wapi? Kwenye tovuti yetu, ambako hakuna wa kutuwekea DRM, tufanyeje nakala zisisambae hovyo? Na nakala ya wizi ikishaonekana mtandaoni, tunaanza na hatua ipi?

---

FundiFaili

Mkuu, kabla ya kupiga kura kifungue kitabu chenyewe ukione. EPUB ni faili la zip. Tengeneza nakala, badilisha .epub iwe .zip, kisha ulifungue. Utakuta faili dogo liitwalo mimetype, folda ya META-INF, na folda nyingine, mara nyingi OEBPS, yenye sura za XHTML (lugha ya kurasa za wavuti), CSS (maelekezo ya mwonekano), michoro, na faili la OPF linaloorodhesha vyote hivyo pamoja na mpangilio wa kusoma.

DRM ikiwekwa, muundo huo unabaki vilevile. Kinachobadilika ni maudhui: sura na michoro inasimbwa, yaani inageuzwa isisomeke bila ufunguo, kwa njia iitwayo AES, na ndani ya META-INF linaongezeka faili la encryption.xml linalotaja kilichosimbwa. Kwenye mfumo wa Adobe linaongezeka pia rights.xml. Humo ndimo unamokaa ufunguo wa kitabu, nao umefungwa kwa ufunguo wa akaunti ya mnunuzi. Programu ya kusomea inatumia ufunguo wa akaunti kuupata ufunguo wa kitabu, inasimbua sura, inaionyesha kwenye skrini.

Ukikuta encryption.xml kwenye faili lako usishtuke. Fonti zilizopachikwa nazo huvurugwa kidogo ili zisichomolewe kirahisi, na zinatajwa mle mle. Hiyo si DRM.

Sasa udhaifu. Ili mnunuzi asome, ufunguo lazima ufike kwenye kifaa chake. Huwezi kumpa mtu kufuli na ufunguo pamoja kisha ukategemea asifungue. Akitokea mtu mmoja tu aliyefanikiwa, nakala anayoisambaza haina tena kufuli, na wote wanaoipakua baada yake hawakutani na DRM hata kidogo. Na hata usimbaji usipovunjwa, picha za skrini zikipitishwa kwenye programu ya kutambua maandishi zinarudisha kitabu kizima. Kwa hiyo DRM inawabana watu wa aina mbili: aliyelipa, na aliyetaka kumtumia rafiki yake faili bila kujua chochote cha kiufundi. Msambazaji mzoefu hayumo.

Aliyelipa anabanwa kwa namna nyingi. Ukinunua kitabu chenye DRM ya Adobe, mara nyingi unachopakua ni faili la .acsm la kilobaiti chache. Si kitabu, ni tiketi ya kuchukulia kitabu. Mtu anayelifungua kwa programu ya kawaida ya simu anaona kosa au haoni kitu, halafu anaandika malalamiko kwa muuzaji. Anatakiwa awe na programu inayoielewa tiketi hiyo, aingie kwa akaunti ya Adobe, ndipo kitabu kishuke. Akaunti moja inaruhusu vifaa 6. Akibadilisha simu mara kadhaa bila kukiondoa kifaa cha zamani kwenye akaunti, anafika kikomo na kitabu hakifunguki kwenye simu mpya. Kosa linalojitokeza sana ni kukipakua kitabu kwa akaunti moja na kujaribu kukisoma kwenye kifaa kilichosajiliwa kwa nyingine. Hapo hata ukirudia mara mia hakifunguki, kwa sababu ufunguo haulingani.

Kindle ina mfumo wake, Apple ina wake, Adobe ina wake, na hazisomani. Readium LCP, mfumo mwingine wa DRM, ndiyo nafuu kati ya zote: msomaji anaandika nywila tu, na programu inaweza kusoma hata pasipo intaneti baada ya hapo. Lakini kwa wachapishaji wadogo kuisimamisha seva yake ni kazi, na inahitaji leseni.

Kwenye ile fomu mimi ningejibu hapana. Kwenye tovuti yenu kuna njia nyingine, nitairudia chini.

---

RafuYaJuu

Naongezea kwa upande wa msomaji, kwa sababu hili la "kununua" limewaumiza watu kweli na mchapishaji anapaswa kujua anachagua nini kwa niaba yao.

Kitabu chenye DRM kinauzwa kama leseni. Julai 2009 Amazon ilifuta vitabu viwili vya George Orwell kutoka kwenye Kindle za watu waliokwishalipa, kwa sababu aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo. Fedha zilirudishwa, lakini kitabu kilitoweka mkononi mwa mwenye nacho pamoja na maandishi aliyokuwa ameyaweka pembeni. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu. Seva za leseni zikazimwa, vitabu vyote vikaacha kufunguka, hata vile vilivyokuwa vimetolewa bure. Wanunuzi walirudishiwa fedha zao, na hilo lifahamike, ila kampuni ndogo ikifilisika hakuna wa kurudisha chochote. Tarehe 26 Februari 2025 Amazon iliondoa uwezo wa kupakua vitabu vya Kindle kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya wa USB. Aliyekuwa akiweka akiba yake kwa njia hiyo alifungiwa mlango siku hiyo.

Sheria zimeanza kufuata, taratibu. California ina sheria iliyoanza kutumika 1 Januari 2025 inayomzuia muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno la kununua bila kumweleza mteja wazi kwamba anapata leseni. Kitu kinachopakuliwa na kubaki kwa mnunuzi moja kwa moja, bila muuzaji kuweza kukirudisha, hakiguswi na sharti hilo. EPUB isiyo na kufuli iko kundi hilo, na ni jambo la kulitaja kwenye ukurasa wenu wa mauzo: faili ni lako, baki nalo. Kuliuza tena ni suala jingine. Mahakama ya Ulaya iliamua Desemba 2019, katika kesi ya Tom Kabinet, kwamba huwezi kuuza kitabu pepe kilichotumika kama unavyouza cha karatasi.

Mahali ambapo kufuli lina kazi halali ni kuazima. Maktaba ikikopesha kitabu pepe kwa siku 14, lazima kuwe na kitu kinachokifunga siku ya 15. Bila hivyo ni kugawa. Hapo sina ugomvi na DRM. Ugomvi ni masharti yanayoletwa nayo. HarperCollins mwaka 2011 iliweka kikomo cha kuazimwa mara 26, kisha maktaba inunue leseni upya. Macmillan mwishoni mwa 2019 ilizuia maktaba kununua zaidi ya nakala moja katika wiki 8 za kwanza za kitabu kipya, ikaliondoa zuio hilo Machi 2020 baada ya maktaba kugoma. Internet Archive nayo ilijaribu njia ya kuchanganua kitabu cha karatasi na kuazimisha nakala moja ya kidijitali kwa kila kitabu kilichopo rafuni. Wachapishaji wanne waliishtaki mwaka 2020, ikashindwa Machi 2023, na rufaa ikakataliwa Septemba 2024. Kwa hiyo mkitaka kitabu chenu kiingie maktaba, andaeni leseni ya maktaba tangu mwanzo. Usisubiri waje kuuliza.

Jambo jingine ni wasioona. Programu za kusoma kwa sauti zinahitaji kuyafikia maandishi. Kufuli baya linayaficha, na mtu aliyelipa bei ileile anabaki na skrini bubu. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ulioanza kutumika 2016, unaruhusu nakala zinazofikika kutengenezwa na kuvuka mipaka kwa ajili yao. Kwenye michoro yenu 60 andikeni maelezo ya alt (maneno yanayosomwa badala ya picha) kwa kila mchoro. Mchoro wa saketi usio na maelezo, kwa asiyeona, ni ukurasa mtupu.

---

MizaniYaMauzo

Nakubaliana na mengi, ila FundiFaili amewataja waliotaka kumtumia rafiki faili kisha akawapita haraka. Kwa kitabu cha ufundi hao ndio hasara kubwa kuliko tovuti za uharamia. Darasa la ufundi linanunua nakala moja, inawekwa kwenye grupu, watu 40 wanaisoma. Hakuna hata mmoja wao anayejiona mharamia. Mtu wa namna hiyo DRM inamzuia kweli, kwa sababu akibonyeza kusambaza hakuna kinachofunguka upande wa pili. Tusijifanye jambo hilo halipo.

Swali ni kama kumzuia huyo kunalipa gharama yake. Hapa nitazame kampuni zilizojaribu. Tor, wachapishaji wa vitabu vya kubuni vya sayansi, waliondoa DRM mwaka 2012. Mwaka mmoja baadaye tawi la Uingereza lilieleza kwamba halikuona ongezeko la uharamia linaloonekana. Muziki ulishapita njia hiyo: Apple iliondoa kufuli kwenye nyimbo za iTunes mwaka 2009 na biashara haikufa. Tofauti ni kwamba riwaya na wimbo haununuliwi na darasa zima kwa pamoja. Kwa kitabu cha ufundi ningeuza leseni ya kikundi: bei moja kwa watu 10, nyingine kwa 40, faili likiwa na jina la chuo au karakana. Mwalimu anayetaka kuwa mwaminifu anapewa njia, na wengi wanaitumia ikiwepo.

Nalo duka liangaliwe vizuri linapojenga hoja ya kumlinda mwandishi. DRM ya duka inamfunga msomaji kwenye duka. Aliyenunua vitabu 200 vyenye kufuli la kampuni moja hahamii kifaa cha kampuni nyingine, kwa kuwa atavipoteza vyote. Anayenufaika zaidi ni mwenye kufuli, si mwenye kitabu. Mchapishaji mdogo anayetiki DRM anaongeza tofali kwenye ukuta huo, halafu mwaka ujao duka likibadilisha masharti hana pa kuwapeleka wasomaji wake.

Nje ya mada kidogo, lakini litawagusa mfukoni: angalieni uzito wa faili. Kindle wakikupa mgawo wa asilimia 70, kabla ya kupiga mgawo wanakata ada ya kusafirisha faili, dola 0.15 kwa kila megabaiti kwenye soko la Marekani. Kitabu cha MB 20 kinachouzwa dola 9.99 kinapoteza dola 3 kwanza, unabaki na asilimia 70 ya 6.99, yaani kama dola 4.89. Kikiwa MB 3 unapata kama 6.68. Michoro ya mistari iwekeni SVG, au PNG yenye rangi chache, msiihifadhi kama JPEG kwa sababu kingo za mistari zinachafuka na faili linakuwa zito bure. Picha za kamera JPEG ya ubora 80, upana pikseli 1600, inatosha. Mgawo wa asilimia 35 hauna ada hiyo.

---

FundiFaili

MizaniYaMauzo hoja ya darasa naipokea, na leseni ya kikundi ni jibu zuri kuliko kufuli. Sasa niende kwenye tovuti yenu.

Nakala nyingi zinazovuja kwenye tovuti ndogo hazivunjwi na mtu. Zinaachwa wazi. Faili linawekwa kwenye anwani ya kudumu kama /files/kitabu.epub, mnunuzi mmoja anabandika kiungo mahali, roboti ya injini ya utafutaji inakipita, na kuanzia hapo kila anayetafuta jina la kitabu anakipakua moja kwa moja kwenye seva yenu. Wekeni faili nje ya folda inayosomwa na tovuti. Programu ya mauzo itoe kiungo cha muda kwa kila agizo, kwa mfano saa 72 na upakuaji mara 5, na mnunuzi aweze kuingia kwenye akaunti yake na kujipatia kingine. Kikomo kikali kuliko hapo kinaleta malalamiko tu, maana watu wanapakua kwenye simu, wanakosa nafasi, wanafuta, wanaanza tena kwenye kompyuta. Baada ya kuweka, jaribuni kukifungua kiungo kwenye kivinjari ambacho hakijaingia akaunti. Kikifunguka baada ya muda wake kuisha, kuna tatizo.

Kisha alama ya mnunuzi. Kila agizo linapotoka, programu inafungua EPUB, inaandika alama, inaifunga tena. Iwe na sehemu mbili. Ya wazi iwe ukurasa baada ya jina la kitabu: "Nakala hii imetolewa kwa Fulani, agizo namba fulani," na mstari mdogo mwisho wa kila sura. Watu wanaoona jina lao hawaitupi grupuni ovyo. Ya siri iwe msimbo mfupi uliotengenezwa kwa HMAC (hesabu ambayo asiyejua neno la siri hawezi kuiiga) kutoka namba ya agizo na neno la siri la seva, uliofichwa kwenye sura kadhaa.

Makosa yanayofanyika hapa nimeyaona kwenye mafaili mengi, ni yaleyale. La kwanza, kuficha alama kwenye CSS au kwenye majina ya class (lebo za mitindo). Mtu akipitisha kitabu kwenye programu ya calibre kubadilisha fomati, CSS inaandikwa upya, class zinapewa majina mapya, na alama imeondoka bila hata yeye kukusudia. Alama iliyo ndani ya maandishi yenyewe inabaki. La pili, kubadilisha dc:identifier (kitambulisho cha kitabu) kwenye OPF kwa kila mnunuzi. Inaonekana mahali pazuri pa kuweka namba ya agizo, lakini ufunguo wa kuvuruga fonti zilizopachikwa unatengenezwa kutokana na kitambulisho hicho. Ukikibadilisha, fonti hazisomeki na kitabu kinatokea kwa maandishi ya kifaa, alama zenu za saketi zikiwa visanduku vitupu. La tatu, kuifunga zip vibaya. Faili la mimetype lazima liwe la kwanza na lisibanwe. Kwa mstari wa amri ni hatua mbili: zip -X0 kitabu.epub mimetype, halafu zip -Xr9D kitabu.epub META-INF OEBPS. Zip ya kawaida ya kubonyeza kulia inaweka mimetype popote na kuibana, programu nyingine zinavumilia, nyingine zinakikataa kitabu.

Baada ya hapo pitisheni nakala yenye alama kwenye epubcheck, programu ya kukagua makosa ya EPUB: java -jar epubcheck.jar kitabu.epub. Pitisheni nakala yenye alama, si ile ya asili pekee, kwa kuwa alama ndiyo inayovunja XHTML. Jina la mnunuzi likiwa na alama ya & bila kubadilishwa kuwa & basi sura nzima haifunguki.

Barua pepe ya mnunuzi isiandikwe ndani. Faili likiibiwa kwenye simu yake, mnakuwa mmemtangaza mtu asiye na kosa. Na kwa sababu hiyohiyo, alama ikionekana kwenye nakala ya wizi ni mwanzo wa mazungumzo na mnunuzi. Si ushahidi kwamba yeye ndiye aliyesambaza.

---

NotisiKwanza

Nijibu swali la tatu.

Kwanza hakikisha kuna nakala kweli. Kurasa nyingi zinazosema zina kitabu chako bure zimetengenezwa na programu inayokusanya majina ya vitabu kutoka maduka na kuzalisha ukurasa kwa kila jina. Ukibonyeza unaombwa kadi ya benki "kuthibitisha umri," au unapewa faili la .exe lililovishwa jina kama kitabu.pdf.exe. Kitabu hakipo. Usiweke kadi, usifungue faili. Kama umelipakua, litazame kwa programu ya maandishi tu: EPUB inaanza na herufi PK, PDF inaanza na %PDF, na kinachoanza na MZ ni programu ya Windows. Kurasa za namna hiyo unaweza kuziripoti kwa injini ya utafutaji kama ulaghai, na usipoteze siku kuzifukuza.

Kama nakala ipo, andika anwani kamili ya faili, si ya ukurasa wa mwanzo wa tovuti, pamoja na tarehe na picha ya skrini. Kisha tambua nani anayelihifadhi. Likiwa kwenye huduma kubwa, mfano Telegram au Google Drive, tumia njia yao ya madai ya hakimiliki. Likiwa kwenye tovuti ya mtu, fanya whois (utafutaji wa mmiliki) ya anwani ya IP, yaani namba ya seva, siyo ya jina la tovuti peke yake, kwa sababu jina linakupa msajili na IP inakupa mwenye seva. Ukikuta Cloudflare, kampuni inayopitisha na kulinda mawasiliano ya tovuti, jua kwamba kwa kawaida wao wamekaa mbele tu. Ukiwapelekea dai wanalipeleka kwa mwenye seva halisi, na hapo ndipo unapata wa kumwandikia.

Notisi chini ya DMCA, sheria ya Marekani ya 1998 ambayo huduma nyingi zinaifuata popote ulipo, ina mambo sita: kazi yako ni ipi; faili linalolalamikiwa liko anwani gani hasa; mawasiliano yako; kauli kwamba unaamini kwa nia njema matumizi hayo hayajaruhusiwa; kauli kwamba maelezo ni sahihi na kwamba, chini ya adhabu ya kiapo cha uongo, una mamlaka kwa niaba ya mwenye haki; na saini, hata ya kuchapa. Likikosekana moja wana sababu ya kutoshughulika. Mara nyingi kinachokosekana ni anwani kamili ya faili, au kauli ya kiapo.

Aliyeweka faili anaweza kupinga. Akipinga, huduma inaweza kulirudisha ndani ya siku 10 hadi 14 za kazi kama hujafungua kesi. Google nao hupeleka nakala za notisi kwenye hifadhi ya wazi ya Lumen, kwa hiyo tumia anwani ya ofisi au sanduku la barua, usiweke ya nyumbani. Na usipeleke notisi kwa kitu kisicho chako, mfano mapitio yaliyonukuu aya mbili au kitabu cha mtu mwingine chenye jina linalofanana. Kudai uongo kwa makusudi kunakuletea wajibu wa kulipa fidia.

Nguvu zako ziweke kwenye ukurasa wa kwanza wa matokeo ya utafutaji wa jina la kitabu. Msomaji aliye tayari kulipa hafiki ukurasa wa tano. Ukishaondoa vya wizi pale juu, hakikisha kinachobaki ni ukurasa wenu wa mauzo, unaofunguka kwenye simu na unaokubali njia za malipo walizonazo watu. Wapo wanaochukua nakala ya wizi kwa sababu malipo yalikataa mara mbili.

---

KurasaMpya

Shukrani sana wakuu. La alama na dc:identifier tulikuwa tunaelekea kulifanya vilevile, limetuokoa.

Swali la mwisho. Kampuni za akili unde zinakusanya vitabu kufunzia mifumo yao. DRM ingesaidia chochote hapo, au kuna hatua nyingine?

---

NotisiKwanza

DRM haikuwa kikwazo hapo. Angalia kesi ya waandishi dhidi ya Anthropic nchini Marekani. Juni 2025 jaji alisema kufunzia mfumo kwa vitabu vilivyonunuliwa ni matumizi ya haki, lakini kuweka maktaba ya nakala zilizopakuliwa kwenye hifadhi za uharamia si matumizi ya haki. Kampuni ikakubali kulipa dola bilioni 1.5, kama dola 3,000 kwa kila kitabu, kwa vitabu karibu 500,000. Vitabu vile vilikuwa vimeshafika kwenye hifadhi hizo bila kufuli.

Kilichoamua nani aingie kwenye malipo ni makaratasi. Kitabu kilitakiwa kiwe na ISBN au namba ya Amazon, na kiwe kimesajiliwa katika Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani kwa wakati. Waandishi wengi walikosa kwa kutosajili. Kama mnauza soko hilo, sajilini ndani ya miezi 3 tangu kitabu kitoke, kwa sababu ndiyo inayowapa haki ya fidia ya kisheria bila kuthibitisha hasara ya kila senti.

Kwa Ulaya, agizo la hakimiliki la 2019 linaruhusu uchimbaji wa maandishi isipokuwa mwenye haki amekataa kwa namna inayosomeka na mashine. Kwa hiyo kuandika katazo kwenye ukurasa wa hakimiliki peke yake kunaweza kusitoshe. Liwekeni pia kwenye metadata ya OPF, kwenye masharti ya tovuti na kwenye robots.txt, faili la tovuti linaloelekeza roboti zisichukue nini.

---

FundiFaili

Hilo la OPF liandikwe kwenye faili la asili, kabla ya programu ya alama kuanza kutoa nakala. Na faili hilo la asili lisikae kwenye seva ya mauzo peke yake. Liwe na nakala tatu, moja nje ya jengo, na sha256 yake (namba ya kuhakiki kwamba faili halijabadilika) iandikwe pembeni. Mkirekebisha kosa la chapa, badilisheni tarehe ya dcterms:modified na muwatumie waliokwishanunua kiungo kipya. Aliyepakua nakala ya wizi atabaki na mchoro wenye kosa.